Msumari wa Signe

Ukimpeleka mtoto kuvua maski, jambo la kwanza kumwambia ni kwamba hatampata. Mwambie mapema, gatini, kabla hajavaa jaketi la kujiokolea, ili kama ni kulia alie akiwa nchi kavu. Nimeendesha basi la shule miaka mingi, na najua mtoto aliyedanganywa anavyokuwa. Maski si samaki wa kungojea na kijiti na mnyoo. Ni samaki mrefu, mdomo bapa kama wa bata, ndani meno ya mbwa, tena anaishi peke yake. Hapa kwetu kaskazini mwa Minnesota wapo watu wazima, wenye akili zao timamu, waliomaliza majira mazima ya joto wakimrushia chambo bila kuona hata mkia. Siku ile niliwaambia hivyohivyo Signe na Otto, watoto wa mdogo wangu, lakini moyoni nilikuwa nataka wampate. Nilitaka mpaka nikajionea aibu.

Sababu ni kwamba kesho yake mama yao alikuwa anawahamisha. Maren ni muuguzi, na alikuwa amepata kazi Arizona, jangwani, ambako watu wanachimba kidimbwi nyuma ya nyumba halafu wanajisifu kwamba wana maji. Alisema amechoka kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Nikamjibu kwamba kila mtu hapa amechoka kukwangua barafu na hakuna anayehama. Basi tukanuniana wiki nzima, kila mmoja akipitisha salamu kwa watoto. Mimi sina mume wala mtoto. Hao wawili walizaliwa wakanikuta hapa gatini, na kila Jumamosi ya joto walikuwa wangu, na makamasi yao na vishindo vyao. Sasa walikuwa wanaondoka, na nilikuwa naogopa, basi. Otto ana miaka minane. Mtoto wa miaka minane akikaa jangwani kidogo tu, ziwa linabaki kuwa picha kwenye simu, na mamkubwa anabaki kuwa kadi ya Krismasi.

Nikaona dawa yake ni moja. Mtu akimwona maski kwa macho yake, ziwa halimtoki tena. Ndivyo baba yangu Halvor alivyokuwa anasema, na mimi nimeishi hivyo. Isipokuwa Maren naye alimwona, zamani, na ndiye huyo anafunga masanduku. Hilo nililisukuma pembeni, maana lilikuwa linaniharibia hesabu.

Asubuhi ile Signe alikuja gatini na kisanduku kimoja tu mkononi. Ana miaka kumi na miwili na tayari anajua kukutazama ukajiona mjinga. Alikifungua akatoa chambo cha babu yake: samaki wa mti wa mwerezi, urefu wa kiganja na vidole, mgongo mweusi, tumbo la rangi ya chungwa, na ndoano mbili za pembe tatu zinaning'inia chini. Halvor alikichonga mwenyewe kwa kisu cha mfukoni. Rangi imechubuka ubavuni, na kwenye michubuko hiyo kuna alama za meno. Alipofariki, majira ya baridi ya mwaka juzi, alimwachia Signe.

"Hiki nakwenda nacho Arizona," aliniambia kabla sijamuuliza.

"Ukavulie nini huko, mijusi?"

"Nitakiweka dirishani."

"Dirishani. Babu yako angefurahi sana."

"Babu alinipa mimi, Mamkubwa. Hakukupa wewe."

Nikamwambia afunge jaketi lake vizuri.

Inabidi nieleze habari ya misumari, maana bila hiyo hakuna kisa. Banda letu la boti lina ukuta mmoja uliopigiliwa misumari, na kwenye baadhi ya misumari hiyo kuna vyambo vimening'inizwa. Vinatokana na kosa moja, kosa ambalo kila anayevua maski hulifanya angalau mara moja. Maski ni mfuasi. Atakitokea chambo huko mbali, akifuate kimyakimya mpaka ubavuni mwa boti, na kikisimama anaondoka zake. Lakini kikipinda, anakishika. Kwa hiyo hukitoi majini. Unarudisha mshipi mpaka chambo kibakize urefu wa mkono kutoka kwenye ncha ya ufito wa kuvulia, unaichovya ncha majini hadi kiwiko kinalowa, halafu unachora namba nane, pana, polepole, hapo hapo ubavuni. Kila mrusho unaishia kwa nane. Hata kama umeyaangalia maji na hamna kitu. Hata kama bega linauma na umechoka na dunia. Wageni wakituona kutoka mbali wanadhani tunakoroga ziwa.

Kosa ni kuinua. Samaki anatokea, mkubwa kuliko ulivyomfikiria, yuko karibu kiasi cha kumgusa, na mikono yako yenyewe inakichomoa chambo kama mtu anayetoa kidole motoni. Basi Halvor aliweka sheria ya nyumba yake: aliyeinua anakiacha chambo kile bandani, kwenye msumari wake, na hakuna mwingine wa kukigusa mpaka mwenyewe arudi nacho mahali palepale amalizie nane yake. Alisema si adhabu. Mimi naona ilikuwa nusu adhabu. Changu kilikaa ukutani mwaka mmoja, nikakishusha. Cha binamu yetu kilikaa miwili. Cha Maren, cha njano, kipo pale tangu alipokuwa na umri wa Signe. Siku ile alirudi gatini akilia, akakitundika, na hakushika tena ufito.

Tuliondoka ziwa likiwa na mawimbi madogo na anga jeupe. Nilishika usukani, Otto akakaa mbele akiimba, na Signe katikati, mgongo kwangu. Ziwa letu ni kubwa. Ukifika katikati unaona ufuko wa upande mmoja tu, na siku ya ukungu huoni wowote. Nilizima injini kwenye Mwamba wa Jiko. Panaitwa hivyo kwa sababu jirani yetu mmoja alichelewa kuvuta kibanda chake cha kuvulia juu ya barafu, Machi ile ikaja na joto lake, na kibanda kikazama na jiko lake na sufuria juu ya jiko. Maji yakiwa matulivu unaweza kuliona chini, na mlango wake wazi.

"Sufuria bado ipo?" Otto aliuliza. Anauliza hivyo kila mwaka.

"Ipo."

"Na supu?"

"Supu waliinywa samaki. Rusha chambo."

Otto nilimpa chambo chepesi cha manyoya chenye bati linalozunguka, maana kile kizito kingemvuta yeye majini. Alikuwa anarusha karibu kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo, lakini nane zake zilikuwa nzuri, ulimi nje, macho yametoka.

"Mamkubwa, kwa nini nane? Kwa nini si tisa?"

"Tisa ina mwisho. Nane haina."

"Sifuri nayo haina."

"Sifuri ni ndogo. Samaki mwenyewe ana urefu kama wako, atapinda vipi kwenye sifuri?"

Aliipima habari hiyo. Akatazama miguu yake, akatazama maji, akaivuta miguu kidogo ndani.

Signe alikuwa anarusha vizuri kuliko sisi wote, ana mkono wa babu yake, lakini alikuwa anarusha kwa kisirani. Chambo kinatua mbali, kwenye ukingo wa majani ya majini, anakirudisha kwa kukivutavuta, na kikifika kwenye boti anapinda mara moja tu na kukitoa.

"Hiyo si nane, hiyo ni koma," nilimwambia.

"Hamna samaki humu, Mamkubwa."

"Umejuaje?"

"Naangalia. Maji naona mpaka chini."

"Hata mimi nikiangalia kichwa chako naona nywele tu, lakini nasikia ndani mna kitu. Chora nane."

Otto akacheka mpaka akapaliwa. Signe hakucheka, lakini mrusho uliofuata aliuchora, nane kamili, kwa madaha ya kunikomoa. Na uliofuata. Tukaendelea hivyo asubuhi nzima. Tulikula mikate ya soseji na vipande vya keki ya matunda, Otto akaangusha chake majini na kuuliza kama maski anakula keki. Tulihamia upande wa pili wa mwamba, tukarudi. Mchana ukapita. Mabega yangu yalikuwa yanawaka, na nilianza kuona nilichokuwa nimekikataa tangu asubuhi, kwamba siku ya mwisho itaisha kama siku nyingine yoyote, na kesho nitasimama barabarani nikipunga mkono.

Halafu upepo ukafa. Haukupungua, ulikufa, kama mtu amezima kitu. Upande wa magharibi wingu lilikuwa limejikusanya, la rangi ya zambarau, bado liko mbali, na chini yake ziwa zima likalala likawa laini, hadi ukashindwa kujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Ndege wawili wa ziwani waliokuwa wakiitana tangu asubuhi walinyamaza. Otto naye alinyamaza, jambo ambalo sijaliona hata kanisani. Wavuvi wa hapa wanaijua saa hiyo na hawaipendi kuitaja, wanaogopa isije ikasikia.

"Rusheni," nilisema kwa sauti ya chini. "Msigonge boti."

Signe akarusha. Chambo kilitua mbali bila kishindo, na mzunguko wa maji ukatanuka taratibu hadi ukatufikia. Akaanza kukirudisha. Nilikuwa nimesimama nyuma yake kidogo, nikiyaangalia maji juu ya bega lake.

Nilimwona mimi kwanza, lakini sikujua nilichokuwa naona. Nyuma ya chambo, chini kidogo, palikuwa na gogo. Magogo yapo mengi mle, yalizama tangu enzi za wakata mbao, na nikajisemea, angalia Signe asije akanasa. Halafu gogo likaja.

Alikuja bila kupiga mkia. Sijui alikuwa anasukumwa na nini. Chambo kikienda, naye anakuja. Kikisita, naye anasita, umbali uleule, pua yake karibu na ndoano za nyuma, kama mtu anayenusa chakula kabla hajaamua. Kichwa kilikuwa kipana kama sepetu la theluji. Nyuma ya kichwa mwili ulikuja, ukaja, na kila nilipodhani nimefika mwisho wake bado palikuwa na mwingine: mgongo wa kijani kibichi, mbavu za dhahabu iliyokolea na mistari myeusi ya kusimama, mapezi mekundu ukingoni. Nimevua ziwa hili tangu sijajua kufunga viatu. Nimeshawashika maski na kuwaachia, wakubwa, wa kupigiwa simu majirani. Huyu sikuwa nimewahi kumwona wala mfano wake. Niliogopa, na wakati huohuo nilikuwa na furaha kiasi kwamba kifua kiliniuma.

"Nane," nilinong'ona.

Signe hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amemwona. Nilijua kwa shingo yake, ilivyokakamaa. Akaichovya ncha ya ufito majini, mkono ukazama hadi juu ya kiwiko, akaanza. Alianza vizuri, Halvor mwenyewe asingefanya vizuri zaidi: pana, polepole, chini kabisa. Akakipindisha chambo kona ya kwanza na samaki akapinda nacho. Mwili mzima ulipinda, na kwenye kupinda kule ukatuonyesha ubavu wake wote, kutoka kiti changu mpaka karibu na miguu ya Otto, na mwanga mdogo uliobaki angani ukaingia ndani ya magamba yake na kukaa humo. Kwenye taya alikuwa na kovu jeupe la ndoano ya zamani. Mtu fulani, wakati fulani, alimshika na kumwachia. Signe akaja kona ya pili. Matamvua ya samaki yakafunguka, mekundu ndani. Mdomo ukaanza kufunguka.

Na Signe akainua.

Chambo kilitoka majini na kuning'inia hewani mbele ya uso wake, kinadondosha matone. Ni matone hayo tu yaliyosikika. Hakuna aliyesogea. Samaki alikuwa palepale. Chambo kilikuwa kimepotea na yeye hakukimbia. Alibaki chini ya uso wa maji, mdomo umefumbwa, mapezi yanatikisika taratibu, na jicho lake, la rangi ya shaba, lilikuwa linatutazama. Halikutazama chambo. Lilitutazama sisi, mmoja mmoja, bila haraka. Mkono wa Otto ulikuwa umeshika suruali ya dada yake. Sijui tulikaa vile muda gani. Nilijua kwamba mimi ni mgeni, kwamba boti langu ni kitu kilichoelea juu ya nyumba ya mtu, na kwamba miaka yote hii alikuwa chini yangu wakati mimi nakula mikate na kupiga soga. Sikuwahi kujisikia mdogo kiasi kile, na sikutaka kuacha kujisikia hivyo.

Kisha alishuka. Hakugeuka wala hakupiga maji. Alizama tu kinyumenyume, rangi moja baada ya nyingine, mpaka likabaki jicho, na jicho nalo likafifia, na tukawa tunaangalia giza.

Otto ndiye aliyeanza kusema. "Ametuangalia."

"Ndiyo."

"Alikuwa anatuhesabu."

"Labda."

"Angeweza kunila?"

"Angekutema. Una maneno mengi."

Signe aliketi kwenye kiti chake na ufito mapajani. Mkono uliolowa ulikuwa umeganda vilevile alivyouinua. Nilivua koti langu nikamfunika.

"Nimeinua," alisema.

"Kila mtu huinua."

"Alikuwa anafungua mdomo, Mamkubwa. Alikuwa anafungua mdomo na mimi nikainua."

Tulirusha tena kidogo, kwa adabu tu. Sote tulijua kwamba hatarudi. Ngurumo ya kwanza ilipotufikia niliwasha injini tukageuka. Njiani nilikuwa na mambo mawili yananigombania. La kwanza lilikuwa lile jicho. La pili lilikuwa sheria ya Halvor. Nilichokuwa nimekitaka ni samaki wa kuwafunga watoto hawa na ziwa, picha, kelele, kitu cha kusimulia. Badala yake mtoto ameinua siku yake ya mwisho, kwa chambo cha babu yake, kitu pekee alichotaka kuondoka nacho. Nikaamua sitamdai. Sheria ni sheria, lakini kumnyang'anya mtoto anayehamishwa ni ukatili, na mimi si mkatili, nina mdomo tu.

Otto hakuwa amefikia uamuzi kama wangu. "Sasa Signe anakiacha," alisema kwa furaha ya mtu anayejua kanuni. "Ameinua, kwa hiyo kinabaki kwenye msumari. Si ndiyo, Mamkubwa?"

"Otto, nyamaza."

"Lakini babu alisema..."

"Nyamaza, nimesema."

Signe hakugeuka. Alikuwa ameshika chambo mikononi, ndoano zikielekea nje kama nilivyomfundisha, na alikuwa anakitazama njia nzima.

Maren alikuwa gatini. Alikuwa amekuja kuwachukua mapema kwa sababu ya wingu, gari lake limejaa hadi madirishani, mto wa Otto umebanwa kwenye kioo. Nywele zake zilikuwa zimefungwa kwa kalamu na macho yalikuwa ya mtu asiyelala. Alidaka kamba niliyomrushia, akaifunga bila kuangalia, kama tulivyofundishwa. Mikono haisahau.

"Mmepata?" aliwauliza watoto. Si mimi.

"Hapana," nilijibu mimi.

"Mama, tumemwona," Otto akasema. Alikuwa ameshindwa kujizuia tangu mwambani. "Alikuja mpaka hapa, hapa hapa, akatuangalia, ana jicho, na Signe akainua."

Kitu kilipita usoni kwa Maren. Aliiacha kamba akamtazama binti yake.

"Mkubwa kiasi gani?"

Signe alisimama kwenye boti. Akatanua mikono, akaitazama, akaishusha kwa sababu haikutosha. Akaweka kidole kwenye ukingo wa kiti changu, akatembea nacho ubavuni mwa boti, polepole, akipita kiti chake, akiendelea, mpaka akafika pale Otto alipokuwa amekaa, na hapo akasimama. Maren alikifuata kidole kile kwa macho njia yote.

"Uliinua," alisema.

"Niliinua. Sijui kwa nini. Mikono iliinua yenyewe."

"Na yangu pia," Maren alisema. Miaka yote hiyo nilikuwa sijamsikia akiitaja siku ile hata mara moja. "Nilikuwa nimejiandaa. Baba alikuwa amenifundisha majira yote ya joto. Halafu akaja, na mikono ikainua yenyewe." Akaligeukia ziwa. "Wangu alikuwa na mapezi mekundu."

"Wangu pia," Signe alisema.

Matone makubwa ya mvua yakaanza kupiga mbao za gati. Tukakimbilia bandani, na nilipowasha taa Signe alikuwa tayari yuko mbele ya ukuta wa misumari. Alikuwa ameshalipata sanduku la zana zangu na anapekua ndani.

"Nyundo iko wapi?"

"Signe, si lazima," nilimwambia, na ilinigharimu kusema. "Ni cha babu yako. Alikupa wewe. Nenda nacho, kiweke dirishani. Hakuna wa kukusema."

Alipata nyundo, akapata msumari, akaupima ukutani kimo cha macho yake. Chambo kilikuwa kwenye mkono mwingine.

"Nikienda nacho, Mamkubwa, nitarudi kufanya nini?"

Alipiga msumari, mara ya kwanza ukapinda, akaung'oa, akapiga mwingine. Alitundika kile chambo cheusi cha tumbo la chungwa karibu kabisa na cha njano cha mama yake, hata vikagusana vikalia kidogo, ndoano kwa ndoano. Nililia. Nilijifanya natafuta kitambaa cha kufuta mafuta, nikalia hapo kwenye kona na injini ya zamani. Otto akaja kuniuliza kama na yeye anaweza kutundika chake.

"Wewe hujainua."

"Nitainua mwakani," aliahidi.

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, na kwa muda tulikaa tu, hatuna la kufanya. Maren alikuwa amesimama mbele ya ukuta, mikono mifukoni. Hakukigusa kile cha njano, hakuna aliyewahi kukigusa, vumbi lilikuwa limekijaa hadi rangi haionekani vizuri. Alikitazama kwa muda mrefu kama alivyotazama kidole cha Signe. Nilitaka kumwambia kitu. Nilitaka kumwambia kwamba najua barafu inachosha, kwamba ningemsaidia kufunga masanduku kama angeniomba, kwamba wiki nzima nimekuwa mpumbavu. Nikamletea kikombe cha kahawa kutoka kwenye chupa. Alikunywa yote, ingawa ilikuwa imepoa.

Mvua ilipopungua alimvalisha Otto kofia na kumfuta makamasi, akamwambia Signe akalete viatu vyake. Nilidhani ndiyo kwaheri yetu, kikombe kitupu juu ya meza ya zana. Alifika mlangoni akasimama, mgongo kwangu, akamfunga Otto zipu ambayo ilikuwa imeshafungwa.

"Dada."

"Nini?"

"Ndoano za kile changu zimeshika kutu," alisema. "Zibadilishe."

Wakaingia garini. Nilipunga mkono kwenye mvua hadi taa zao zikakata kona kwenye misonobari, halafu nikarudi bandani kutafuta koleo.